Viroba 64 vya nguo tulivyopeleka kwa wakimbizi Kigoma: tulikosea wapi?

MamaMtumba:

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo nalitoa maana nasikia tena watu hapa Mbeya wanaanza kukusanya nguo kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo.

Mimi ni muuza mitumba Mwanjelwa. Nguo nazijua kwa kushika tu, ukinifunga macho nitakwambia hii ni gredi ya kwanza na hii ni ya kupigia deki. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23, kisha katikati ya Februari ikafuata Bukavu, kikundi chetu cha kukopeshana, akina mama 22, tukasema hatuwezi kukaa hivi hivi. Sisi Mbeya Kongo siyo ya kwenye taarifa ya habari. Malori ya Lubumbashi yanatupita hapa usiku na mchana, na wateja wangu wa Tunduma wananunua belo zima wanavuka nalo. Tukaona kwa kuwa hatufiki Goma, tuwape walioko kambini upande wetu, Kigoma.

Tulikusanya wiki tatu. Watu wa Mbeya wana moyo, hilo sibishani na mtu. Viroba 64! Nilisimamia mwenyewe kufunga. Na hapa ndipo aibu yangu inapoanzia, kwa sababu nilivyokuwa nafunga niliona. Niliona makoti mazito ya baridi ya Juni ya kwetu, nikajisemea Mungu anajua. Niliona kiatu cha mguu mmoja chenye kisigino kirefu. Sare za shule zenye nembo. Suti ya harusi. Niliyaona yote, nikakaza kamba.

Tukakodi fuso, nauli shilingi 1,900,000. Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza, hadi Kasulu. Kufika, tukaambiwa kambini hakuingiwi bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kibali hatuna. Orodha ya mzigo hatuna. Barua hatuna. Tulikuwa na mzigo na nia njema. Ofisi moja ikatutuma nyingine, ile ya pili ikaturudisha ya kwanza. Siku nne dereva amelala chini ya gari, anadai laki kila siku. Mvua ikapiga, turubai letu lina matundu.

Siku ya nne dada mmoja wa pale, mpole kabisa, akapanda kwenye gari akafungua kiroba kimoja. Akatoa lile koti. Akaligeuza, akalikunja vizuri, akalirudisha. Akaniuliza, "Mama, hamkuleta ndoo?" Nikamwambia hapana. "Sabuni?" Hapana. "Vitambaa vya hedhi?" Nikaangalia chini.

Nguo tuliziuza pale pale kwa bei ya kutupa tukamlipa dereva. Sasa wakuu, sijaja kulaumu ofisi. Nauliza: tulikosea wapi, na wanaokusanya sasa hivi niwaambie nini?

KijanaWaSoweto:

Mlikosea mlipoanza. Shule zetu watoto wanakaa watatu dawati moja, zahanati hazina dawa, ninyi mnakodi fuso kupeleka nguo kwa Wakongo wenye dhahabu. Na wale wa kambini wanapewa chakula bure halafu wanakiuza. Nimesikia kwa masikio yangu kwa mtu aliyetoka huko.

Bambo_Makambako:

Mama, pole na hongera. Mimi natunza ghala la mahindi, na kilichowakuta na nguo huwa nakiona kwa mahindi kila msimu.

Kuna mtu anakuja na gunia 20, anasema haya ni ya msaada, yapokee. Nachomeka bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, katikati ya gunia, navuta, naweka punje kwenye kipima unyevu. Inasoma asilimia 16. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki mwisho ni 13.5. Namwambia baba hili kaanike tena. Ananikasirikia, "Kwani mwenye njaa anapima unyevu?" Hajui kwamba mahindi mabichi yakifungwa na kusafirishwa siku tano chini ya turubai yanafika yana ukungu, na ukungu ndiyo mama wa sumukuvu. Sumukuvu ikizidi sehemu 10 kwa bilioni moja, mzigo haufai kuliwa na binadamu, awe ameshiba au ana njaa. Wenye njaa ndiyo inawaumiza zaidi, ini lao limeshachoka.

Halafu watu wa huku hawajui kitu kimoja. Sisi tunawalisha wakimbizi tangu zamani, tena si kwa michango. Januari 2019 Mpango wa Chakula Duniani ulisaini kununua tani 36,000 za mahindi kutoka kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Piga hesabu kwa lori la tani 30: ni malori 1,200. Sehemu kubwa ya mahindi ya nchi hii yanalimwa wapi? Songwe, Rukwa, Ruvuma, Njombe, hapa hapa kwetu. Mkulima wa Mbozi anauza, analipwa, mtoto wa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu anakula ugali. Kwangu mimi huo ni msaada mkubwa kuliko fuso yoyote, na hakuna aliyepiga picha nao.

KijanaWaSoweto:

Mkuu hiyo ni biashara siyo msaada.

Bambo_Makambako:

Sasa ubaya wake uko wapi?

NesiMstaafu:

Nimefanya kazi Kasulu, na kabla ya hapo nilipelekwa Kagunga mwaka 2015. Wanangu, ngoja niwaeleze.

Kagunga ni kijiji cha pwani ya Ziwa Tanganyika, mlima nyuma, maji mbele, barabara hakuna. Warundi walipokimbia machafuko Mei ile, makumi ya maelfu walijazana pale. Meli ya Liemba, ile ya Wajerumani ya mwaka 1913, ndiyo ilikuwa inawachota kwenda Kigoma mjini, na haikuweza kusogea ufukweni, watu wanapelekwa kwa mitumbwi. Kipindupindu kikaingia. Ziwa lile lile ndilo la kunywa, la kuoga, la kila kitu.

Nilimkuta mama ana sufuria moja. Moja. Asubuhi anaitekea maji ziwani, mchana anapikia, jioni mtoto mwenye kuhara anaogeshewa humo. Ana kanga mbili na mtoto ana fulana. Nguo alikuwa nazo. Mtu anayekimbia risasi anakimbia na nguo mwilini, ndoo anaiacha. Ndiyo maana yule dada alimuuliza MamaMtumba swali lile. Kwenye kazi hii tunahesabu lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, choo kimoja kwa watu 20. Sasa maji yapo bombani kwenye foleni, unayabeba na nini? Ndoo yenye mfuniko, kwa sababu isiyo na mfuniko kila mkono unachovya. Sabuni. Na hedhi haingoji vita viishe.

Kuhusu kuuza chakula. Kijana, na wewe ukipewa unga, maharage, mafuta na chumvi mwezi mzima, hupewi shilingi, na sheria yetu ya wakimbizi ya 1998 haikuruhusu kutoka kambini bila kibali ukafanye kibarua, mboga utaipata wapi? Sabuni ikiisha je? Daftari la mtoto? Utapima makopo mawili ya unga uuze. Hiyo siyo jeuri ya shibe. Na mgawo wenyewe mnadhani ni mnono? Kiwango ni kilokalori 2,100 kwa siku. Agosti 2017 ulishushwa hadi asilimia 62 kwa kukosa fedha za wafadhili. Mwaka 2023 ukashuka hadi nusu. Nusu, maana yake mama anachagua nani ale mchana na nani ale usiku.

Palikuwa na jaribio la kuwapa pesa taslimu badala ya chakula, pale Nyarugusu, kuanzia mwishoni mwa 2016. Wenye maduka wa Makere, kijiji cha jirani na kambi, walifurahi kweli kweli. 2017 serikali ikalisimamisha. Sababu zilisemwa nyingi, sitaingia huko, uzi utafungwa bure.

MtotoWaSongea:

Shikamoo mama Nesi. Umenikumbusha bibi yangu.

Sisi ni wa Muhukuru. Vita vya Msumbiji vilipoanza 1964 watu walikuwa wanavuka Mto Ruvuma usiku, wengine wamebeba wazee mgongoni. Bibi alikuwa anasema Wamakonde na Wanyanja walifika kijijini hakuna ofisi, hakuna shirika, hakuna foleni. Kila nyumba ikachukua wake. Baadaye ndiyo wakafungua makazi ya wakimbizi, Muhukuru kwetu na Lundo kule ziwani. Bibi alikuwa na chungu cha tatu jikoni, akikiita "cha wageni", na hata mimi nilikikuta miaka ya themanini wageni wameshaenda kwao. Alikuwa hataki kitumike kwa mboga za nyumbani.

Nachosema, zamani jirani aliyepokea alikuwa anaona kwa macho mtu amekosa nini. Sasa tunatuma kutoka mbali bila kuuliza.

KijanaWaSoweto:

Wale walikuwa wanapigania uhuru, ni tofauti. Hawa wa sasa wanapigana wenyewe kwa wenyewe.

KalamuYaIfunda:

Kamwene wote. Mdogo wangu wa Soweto, wewe unayeishi mtaa wenye jina la kitongoji cha Johannesburg, hebu sikiliza.

Mimi nafundisha Iringa. Ukifika Ifunda omba wakuonyeshe makaburi ya Wapolandi. Ndiyo, Wazungu. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu kutoka mashariki ya Polandi hadi Siberia, 1942 wakaruhusiwa kutoka kupitia Iran, na maelfu wakaletwa Afrika Mashariki. Wengi walikaa Tengeru kule Arusha, lakini wengine waliletwa Ifunda na wengine Kidugala huko Njombe. Wengi wao wanawake na watoto, baba zao wako jeshini au wamekufa. Tanganyika ya wakati huo ilikuwa na vumbi na malaria, na bado wao ndio walikuwa wakimbizi, sisi ndio wenyeji. Kwa hiyo habari ya nani ana dhahabu na nani hana iweke pembeni. Vita vikikukuta hakuna anayekuuliza kwenu kuna nini chini ya ardhi.

Na hili la "wenyewe kwa wenyewe": raia hapigani. Hapo ndipo sheria inapogawa watu. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 uliandikwa kwa ajili ya raia. Kifungu cha 23 kinataka dawa zipitishwe, pia chakula cha lazima na nguo za watoto chini ya miaka 15, wajawazito na waliojifungua, hata kama wako upande wa adui. Mwaka 1977 zikaongezwa itifaki mbili, na ile ya pili, inayohusu vita vya ndani ya nchi, kifungu cha 14, inakataza kuwatesa raia kwa njaa kama silaha. Yaani kuzingira mji na kuzuia unga ni kosa hata kama hukufyatua risasi moja.

Mfano uko wazi. El Fasher, Darfur, ilizingirwa zaidi ya siku 500 hadi ilipoanguka Oktoba 2025. Unajua walikuwa wanakula nini? Mashudu ya karanga. Hapa Iringa tunakamua alizeti, mashudu tunayajua, ni chakula cha ng'ombe na nguruwe. Wenzetu walikuwa wanayaloweka wanawapa watoto, na baadaye hata hayo yakaadimika.

Bambo_Makambako:

Mwalimu hapo kwenye mashudu umenishika. Sina la kuongeza.

DerevaWaNakonde:

Wakuu mimi ni wa lori, naandika nikiwa kwenye foleni hapa mpakani, nina muda mpaka basi.

Watu wa mashirika wanaongelea njia, na njia ndiyo kila kitu. Mnafikiri chakula hakipo. Kipo! Bukavu ilipoanguka, maghala ya Mpango wa Chakula Duniani yaliporwa karibu tani 7,000. Bambo amewapa hesabu ya lori la tani 30, hiyo ni kama malori 230. Nimewahi kuona malori 230 yamepangana hapa Tunduma, mstari unaanzia mpakani unaipita Mpemba. Yote hayo yaende kwa siku chache. Na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, kwa hiyo hata cha ndege hakikuingia. Msaada wa vita ni gari, dizeli, daraja zima na mtu mwenye bunduki aliyekubali upite. Akibadilisha mawazo umelala njiani.

Ndiyo maana MamaMtumba akisema kibali kilimchelewesha, mimi simcheki, ila namwambia mama, hiyo karatasi uliyoikosa Kasulu ndiyo ile ile inayomlinda dereva kule ndani. Mzigo usio na orodha kwenye kizuizi ni mzigo wa nani? Wa aliyesimama na bunduki.

KijanaWaSoweto:

Sawa, basi tuseme nimeelewa kiasi. Bado nauliza, mwisho wake nini? Wakae kambini miaka 30? Nyarugusu ilifunguliwa 1996, aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ana watoto.

NesiMstaafu:

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote uliyouliza, mwanangu. Nenda Katumba na Mishamo, Katavi, ukaangalie. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi wakalima. Hawakukaa wanasubiri kopo. Mahindi, maharage, tumbaku, walikuwa wanauza mpaka nje ya makazi yao. Na mwaka 2014 zaidi ya 162,000 wakapewa uraia. Leo unanunua mchele Mpanda hujui umelimwa na nani. Sisemi kila mtu apewe uraia, hiyo ni siasa. Ila aliyepewa jembe na aliyepewa kadi ya mgawo, baada ya miaka kumi hawafanani.

DerevaWaNakonde:

Foleni imesogea, tutaonana Kapiri.

MamaMtumba:

Ndaga fijo wote. Mama Nesi, lile la sufuria moja limenilaza macho, nimeamka saa tisa nikaenda jikoni kuhesabu zangu. Ninazo kumi na moja. Sijui za nini.

Jana nimekaa na wale wanaokusanya, ni vijana wa jumuiya moja hapa Mbeya. Wameshajaza viroba 30. Kwanza walinikasirikia, kijana mmoja akaniambia mama unaua moyo wa watu wa kutoa. Nikamwambia mwanangu, leta kiroba kimoja tukifungue hapa. Tukakimwaga kwenye jamvi. Ndani ya kiroba kimoja tulitoa sidiria zilizokatika, taulo lenye madoa, koti la mvua la mtoto, kofia ya Krismasi. Hakuna aliyesema neno. Yule kijana aliishika ile kofia muda mrefu sana.

Tumekubaliana hivi. Nguo nitaziuza mimi mwenyewe mezani kwangu, sitachukua hata senti, kila Jumamosi hadi ziishe. Pesa zitaingia kwenye akaunti ya jumuiya, na kabla ya kununua chochote tutapiga simu kwanza Msalaba Mwekundu tuulize kinachotakiwa ni nini na kinapokelewa wapi. Wakisema hawataki vitu, wanataka pesa, tutatoa pesa na tutaomba risiti. Kibali siyo kazi yetu tena, wao ndio wanajua mlango. Hapo nimejibiwa na uzi huu kuliko nilivyojibiwa na ofisi mbili.

Kijana mmoja akauliza, je tukitoa pesa tutapiga picha na nini? Nikacheka. Kweli ilikuwa hoja kubwa pale kikaoni.

Swali langu la mwisho, na hapa nataka watu wa biashara siyo wa maneno: kama watasema ndoo, ile ya lita 20 yenye mfuniko, plastiki ngumu siyo ile inayopasuka ukiishika sikio, bei ya jumla ni ngapi kwa sasa?

Bambo_Makambako:

Mwaka jana nilichukua 50 za ghalani kwa 6,500 moja. Ukichukua nyingi inashuka kidogo.

MamaMtumba:

Nauli ya fuso 1,900,000, jumlisha laki nne za dereva kulala. 2,300,000. Gawa kwa 6,500.

KijanaWaSoweto:

353, na chenji inabaki.

MamaMtumba:

Nimeona.

KijanaWaSoweto:

Mama, hiyo meza yako ya Jumamosi iko upande gani? Nina viatu pea mbili nzima, mguu wa kulia na wa kushoto vyote vipo.